Krapf na mzigo wa majuto

Wahenga walinena kuwa yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nilipokuwa mwalimu huko Buna, katika wilaya ya Wajir, niliufundisha usemi huo darasani ilhali mwenyewe sikuuamini. Baba yangu alipofariki, mvua ilikuwa imeikata barabara, nami nikafika nyumbani kaburi limekwisha kufukiwa. Kwa miaka kadhaa nilijiuliza kila usiku kwa nini sikuondoka siku ile ile nilipopata habari za ugonjwa wake.

Aliyenisaidia ni mtu ambaye wanafunzi wetu humjua kwa sentensi moja tu: Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyeuona Mlima Kenya mwaka 1849. Maisha yake yana mengi zaidi ya mlima huo.

Krapf alizaliwa Ujerumani mwaka 1810. Mwaka 1837 alifika Ethiopia, na huko moyo wake ukawaelekea Waoromo. Alipofukuzwa nchini humo, alikusudia kuwafikia kwa njia ya pwani yetu. Njiani, mtoto wake wa kwanza alizaliwa nyikani, naye hakuishi. Mwaka 1844 aliwasili Mombasa pamoja na mkewe, Rosina, aliyekuwa mjamzito. Mwezi Julai homa iliwashika wote wawili. Rosina alijifungua binti, akafariki tarehe 13, na siku chache baadaye kitoto nacho kikamfuata. Walizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani.

Msomaji, mtu huyo alikuwa na kila sababu ya kujilaumu. Ni yeye aliyemleta mkewe penye homa. Alilia, wala hakuficha kwamba alilia. Lakini lile lisilorekebishika alimkabidhi Mungu wake, kisha akarejea mezani. Mwezi mmoja kabla ya msiba alikuwa ameanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Kazi hiyo aliiendeleza. Mwaka 1846 Johannes Rebmann alijiunga naye, wakaanzisha kituo huko Rabai.

Wala taabu hazikukoma. Mwaka 1851, mwenyeji wake Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba, aliuawa na wanyang'anyi karibu na mto Tana. Krapf alinusurika, akatangatanga porini kwa njaa na kiu. Mwaka 1853 afya ilimshinda, akarudi Ujerumani. Aliaga dunia mwaka 1881, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili ikachapishwa London mwaka uliofuata.

Simwiti malaika. Aliwahukumu wenyeji na dini zao kwa ukali ambao leo hatuwezi kuutetea. Hata hivyo, jambo moja latupasa kulizingatia. Njia ya kuwafikia Waoromo kutoka pwani haikumfungukia kamwe. Buna, ambako Kiborana, ndugu wa Kioromo, kilisikika kila siku sokoni, hakupata kupaona. Kwa kipimo cha shabaha yake ya kwanza, alishindwa. Laiti angeketi kuomboleza mlango uliofungwa, sisi walimu wa Kiswahili tungekosa hazina ya maneno aliyoikusanya pale alipozuiliwa.

Hapo ndipo nilipotambua kosa langu. Nilidhani kuyaacha majuto ni kumsahau marehemu, na kwamba kwa kukosa usingizi nilikuwa nikimlipa baba deni. Imani ya Kikristo haitufundishi hivyo. Yatufundisha kwamba kuna hakimu mwenye huruma kuliko nafsi zetu, na kwamba kesho haimo mikononi mwetu. Krapf hakumsahau Rosina. Alikataa tu kuyafanya majuto kuwa kazi yake ya kila siku.

Jioni moja niliomba dua fupi, nikamkabidhi Mungu siku ile niliyochelewa kuondoka. Machozi yalinitoka. Kisha nikavuta rundo la madaftari ya insha yaliyokuwa yameningoja juma zima, nikaanza kusahihisha.

Mwanafunzi uliyeanguka mtihani, nawe mwalimu unayejilaumu kwa ajili yake, lieni ikibidi. Kisha mkabidhini Mungu yale yasiyoweza kurudi, mkaishike kazi iliyo mbele yenu.