Marehemu Mohamed Amin na Kazi ya Kamera

Wako ndugu zetu ambao hata leo huitazama kamera kwa shaka, na wako waifanyao mchezo wa kujionyesha. Kwa wote hao twaeleza maisha ya Mwislamu mmoja wa nchi zetu hizi, marehemu Mohamed Amin.

Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na huko mwaka 1963 akaanzisha shirika lake la picha, Camerapix. Mwaka uliofuata aliyapiga picha mapinduzi ya Unguja, na baadaye akaonja kifungo huko kwa sababu ya kazi yake.

Zama hizo picha nyingi za magazeti zilikuwa nyeusi na nyeupe. Lakini tangu mwaka 1935 ilikuwako filamu ya tabaka tatu, moja ikishika buluu, moja kijani na moja nyekundu. Kwa tatu hizo hupatikana rangi zote. Kwa picha za rangi Amin alitoa kitabu chake cha Hija mwaka 1978. Asiyekuwa na nauli, awe wa Lamu au wa Kakamega, akaweza kuiona Kaaba na vazi lake jeusi lililotariziwa dhahabu.

Mwaka 1984 alikwenda Korem, Uhabeshi, pamoja na Michael Buerk wa BBC. Habari za njaa zilikuwa zimekwisha kusikiwa, na wengi wakazipuuza. Picha zake zilipoonyeshwa mwezi wa Oktoba, ulimwengu ulishituka na misaada ikamiminika.

Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa, naye akapoteza mkono. Alitiwa mkono wa bandia, akarudi kazini. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege aliyoipanda ilitekwa nyara, ikaanguka baharini karibu na Ngazija, akafariki.

Leo filamu imekuwa adimu. Ndani ya simu mna kipande cha silikoni chenye vituo mamilioni vya kupimia mwanga, kila kimoja kimefunikwa kichujio chekundu, cha kijani au cha buluu, kwa mpango alioubuni Bryce Bayer wa Kodak katika miaka ya 1970. Rangi ni zile zile tatu.

Basi chombo alichokihangaikia Amin sasa kimo mfukoni mwa kila kijana wetu. Je, chafichua dhiki ya mnyonge apate kusaidiwa, au aibu ya jirani apate kuchekwa? Sisi twaona kuwa hesabu si ya kamera, ni ya mwenye kuishika. Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu, na atuongoze sisi tuliobaki. Amin.