Wilder Penfield, mganga aliyempasua dada yake na kuchora ramani ya ubongo

Mwezi wa Desemba 1928, mjini Montréal nchini Kanada, mganga Wilder Penfield alifungua fuvu la dada yake mkubwa, Ruth. Mama huyo wa watoto sita alikuwa ameteswa na kifafa kwa miaka mingi. Chanzo kilikuwa uvimbe katika sehemu ya mbele ya ubongo, upande wa kuume. Penfield alikata kipande kikubwa cha ubongo ili autoe, lakini hakuweza kuumaliza.

Ruth alirudi nyumbani akizungumza vizuri na kukumbuka mambo yake. Lakini siku moja alipotaka kuwapikia jamaa chakula cha jioni, kazi aliyoizoea ilimshinda. Vyakula vilikuwepo, ila hakuweza kupanga kipi kianze na kipi kifuate. Baadaye uvimbe ulirudi, na mwaka wa 1931 akafariki.

Kisa hicho kilionyesha ugumu wa kazi ambayo Penfield aliifanya maisha yake yote: mganga atajuaje, kabla ya kukata, sehemu anayotaka kuondoa inamsaidia mgonjwa kwa lipi?

Penfield alizaliwa Januari 1891 mjini Spokane, Marekani. Alisomea Princeton, Oxford na Johns Hopkins. Mwaka wa 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alijeruhiwa meli aliyopanda ilipopigwa kombora baharini kati ya Uingereza na Ufaransa. Mwaka wa 1928, kabla ya kumpasua Ruth, alikwenda Breslau, Ujerumani ya wakati huo, kujifunza kwa mganga Otfrid Foerster, aliyepasua wagonjwa wakiwa macho.

Njia hiyo inawezekana kwa sababu ubongo wenyewe hausikii maumivu. Ngozi ya kichwa ndiyo hutiwa dawa ya ganzi. Penfield aligusa ubongo kwa umeme mdogo huku akizungumza na mgonjwa. Mkono ukicheza, au maneno yakikatika ghafula, aliweka hapo kikaratasi chenye namba. Sehemu za namna hiyo alijitahidi kutozikata. Mwaka wa 1937, yeye na Edwin Boldrey walitoa mchoro uliojulikana duniani: mtu mwenye midomo na mikono mikubwa, kwa kuwa viungo hivyo vina nafasi kubwa katika ubongo.

Mwaka wa 1934 alifungua Taasisi ya Neurolojia ya Montréal, kwa msaada wa Rockefeller Foundation, akaiongoza hadi 1960. Alifariki tarehe 5 Aprili 1976.

Hakuishi kuona ramani hiyo ikichorwa bila kufungua fuvu. Tangu miaka ya 1990, mashine ya IRM huweza kuonyesha ubongo ukiwa kazini. Mgonjwa hulala ndani yake, akaambiwa acheze vidole au atafute majina ya vitu kimoyomoyo. Sehemu inayofanya kazi huletewa damu yenye oksijeni nyingi, na mashine huona tofauti hiyo. Waganga hupima umbali wa sehemu hiyo na uvimbe, kisha huchagua njia ya kupitia. Lakini uvimbe unaweza kuharibu mwendo wa damu na kuidanganya picha, ndiyo maana umeme wa Penfield bado unatumiwa wakati wa upasuaji.

Kwa mkaaji wa Lubumbashi, anayesema Kiswahili nyumbani na Kifaransa kazini, kuna jambo la kuzingatia. Uchunguzi umeonyesha kwamba lugha mbili za mtu mmoja zinaweza kuwa na sehemu zisizolingana kabisa katika ubongo. Kupima Kifaransa peke yake kunaweza kuacha hatarini lugha ambayo mgonjwa hutumia na watoto wake.

Na kuna kitu ambacho hata mashine hiyo bado hukionyesha kwa shida. Kidole na neno hupimika upesi kuliko uwezo wa kupanga shughuli ya jioni nzima, ule ambao Ruth aliupoteza.