Archimedes: Mzee aliyeturithisha 22/7

MWANAFUNZI wa Tongaren, Kaunti ya Bungoma, akiulizwa thamani ya pai hujibu bila kusita kuwa ni 22/7. Akiulizwa akisami hiyo ilitoka wapi, aghalabu hunyamaza.

Ilitokana na kazi ya Archimedes, na maisha yake yastahili kusimuliwa darasani kabla ya fomyula kuandikwa ubaoni.

Archimedes alizaliwa yapata mwaka wa 287 kabla ya Kristo katika mji wa Kigiriki wa Syracuse, kisiwani Sicily. Babake, Phidias, alikuwa mtaalamu wa nyota. Inaaminika kuwa kijana huyo alisomea Alexandria nchini Misri, kitovu cha elimu zama hizo, si mbali na pale Mto Nile unapoingia baharini. Ni mto huo huo unaopokea maji ya Nzoia kupitia Ziwa Victoria.

Aliporejea kwao alimtumikia Mfalme Hiero wa Pili. Alieleza kanuni ya nyenzo na sababu ya vitu kuelea majini. Hata hivyo, fahari yake kuu ilikuwa jiometria.

Wababiloni na Wamisri walikuwa tayari na makadirio yao ya pai, yaani idadi ya mara ambazo kipenyo cha duara huingia katika mzingo wake. Archimedes hakutegemea uzi wala rula. Alichukua umbo lenye pande 6 ndani ya duara na jingine nje yake, akijua kuwa mzingo wa duara lazima uwe kati ya hayo mawili. Kisha akaziongeza pande maradufu: 12, 24, 48, hadi 96. Bila kikokotoo wala desimali, alithibitisha kuwa pai ni kubwa kuliko 3 na 10/71, na ni ndogo kuliko 3 na 1/7.

Hiyo 3 na 1/7 ndiyo 22/7 yetu. Kwa hivyo, 22/7 si pai yenyewe, bali ni kikomo cha juu alichokiweka mzee huyo. Nyumba ya msonge yenye kipenyo cha mita 7 hupewa mzingo wa mita 22, na kosa halifiki sentimita moja. Alama ya pai tunayoandika leo ilikuja baadaye sana, mwaka wa 1706, kupitia kwa William Jones wa Wales.

Warumi walipouzingira mji wa Syracuse, mitambo ya Archimedes iliwazuia kwa muda mrefu. Mji ulipoanguka mwaka wa 212 kabla ya Kristo, aliuawa na askari, ingawa inasimuliwa kuwa jemadari Marcellus alikuwa ameagiza asidhuriwe. Mwaka wa 75 kabla ya Kristo, Cicero alilikuta kaburi lake limefunikwa na miiba, likiwa na mchoro wa tufe ndani ya mcheduara. Watu wa mji wake walikuwa wamelisahau.

Mwalimu hahitaji maabara ili kuyafufua haya. Wanafunzi walete sufuria, debe, sahani na tairi la baiskeli. Kila kundi lizungushe uzi, lipime mzingo na kipenyo, kisha ligawanye. Kundi moja litapata 3.1, jingine 3.2, jingine 3.14. Majibu yakitofautiana, mwalimu asikimbilie kuwakosoa, kwa sababu hapo ndipo somo lenyewe huanza: uzi hunyumbuka, rula ina mipaka, na chombo huenda kisiwe duara kamili.

Ndipo awaulize ni vipi mtu anaweza kuikaribia pai zaidi ya pale uzi unapokomea, na awasimulie habari za pande 96. Mtoto aliyepima mwenyewe ataelewa kwa nini Archimedes aliuacha uzi akashika hoja. Aliyekariri 22/7 atapita mtihani, lakini atabaki akidhani kwamba hisabati ni amri iliyotoka juu, ilhali ni kazi ya binadamu kama yeye.