Aliyekunywa Dawa Yake Kwanza

Félix d'Hérelle alifariki jijini Paris mwaka wa 1949 akiwa karibu amesahaulika, ilhali miaka ishirini kabla ya hapo jina lake lilivuma miongoni mwa madaktari kutoka Ufaransa hadi Bara Hindi. Nimeona vyema niwakumbushe walimu wenzangu na wanafunzi habari zake, kwa kuwa tiba aliyoianzisha sasa inarejea, na maswali aliyoyaacha bila majibu yanarejea pamoja nayo.

Alizaliwa papo hapo Paris mwaka wa 1873. Hakusomea udaktari, elimu ya vijidudu alijifundisha mwenyewe, akaitumikia Guatemala na Mexico, na kule Argentina akajaribu kuwaangamiza nzige kwa bakteria. Mnamo 1915, vita vikiwa vimepamba moto, askari wa Kifaransa walishikwa na ugonjwa wa kuhara damu karibu na Paris. D'Hérelle alichuja kinyesi chao kwa chujio lisilopitisha bakteria, akayatia maji hayo katika bakteria waliokuzwa maabarani, akaona wanayeyuka. Mwaka wa 1917 alitangaza kwamba wameliwa na virusi, akaviita bakteriofaji. Mwingereza Frederick Twort alikuwa amekwisha kuandika kuhusu jambo kama hilo mwaka wa 1915, na mzozo wa nani alitangulia ulidumu miaka mingi. Huo tuuache.

Kisa kinachonishughulisha ni cha mwaka wa 1919, katika hospitali ya watoto ya Paris. Kabla ya kumpa mgonjwa yeyote virusi vyake, d'Hérelle alivinywa yeye mwenyewe, na madaktari wa pale wakanywa pia. Kulipokucha wote wakiwa salama, mvulana wa miaka kumi na miwili aliyelemewa na kuhara damu akanyweshwa, naye akapona. Baadaye wakaletwa ndugu watatu ambao dada yao alikuwa amefia nyumbani kwa maradhi yayo hayo. Nao wakapona.

Wengi husifu ujasiri huo, nami siubezi. Hata hivyo, mtu mzima mwenye afya akinywa kitu na asidhurike, amethibitisha tu kwamba hakikumdhuru mtu mzima mwenye afya. Hajapata kwa tendo hilo ridhaa ya mtoto mahututi, wala ya mzazi wake.

Tofauti hiyo ilidhihirika zaidi alipotoka Ulaya. Mwaka wa 1925, akifanya kazi Misri, aliwadunga virusi wagonjwa wanne wa tauni waliotoka melini kwenye Mfereji wa Suez. Wote wakapona, na Waingereza wakamwalika Bara Hindi kupambana na kipindupindu. Huko Punjab virusi vilimwagwa visimani. Mgonjwa aweza kukikataa kikombe, lakini mwanakijiji anayetawaliwa na wageni angekikataaje kisima? Isitoshe, mwaka wa 1996 wanasayansi waligundua kwamba sumu ya kipindupindu yenyewe huletwa na virusi vinavyojipachika ndani ya bakteria. Virusi vingine huua bakteria, vingine humpa silaha. D'Hérelle hangeweza kulijua hilo, na ndiyo sababu nasema kunywa kwanza hakutoshi.

Mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Alifundisha Yale, kisha akaenda Tbilisi kumsaidia rafiki yake George Eliava kujenga taasisi ya virusi hivi. Eliava aliuawa na utawala wa Stalin mwaka wa 1937. Penisilini ilipoenea, nchi za Magharibi zikaitupa tiba hiyo. Georgia ikaendelea nayo hadi leo.

Sasa dawa zenyewe zinashindwa. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2022 ulikadiria kwamba usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani mwaka wa 2019. Hapa Sigowet, katikati ya mashamba ya chai, nimeona viuavijasumu vikinunuliwa vidonge vinne vinne kama peremende, mtoto apewe viwili na kuku apewe vilivyosalia. Azimio la Helsinki linamruhusu daktari kujaribu tiba isiyothibitishwa pale zilizothibitishwa zinaposhindwa, mradi mgonjwa au msimamizi wake aelezwe na aridhie. Kwa hiyo kumnyima mtoto virusi hivi ilhali hakuna dawa nyingine nako ni uamuzi wenye lawama.

Watafiti wa Nairobi wamekwisha kuanza kuvichunguza virusi hivi, wakiwamo wanaovitafuta dhidi ya salmonela wa kuku. Vitakapofika wodini, mama aliyeacha kikapu chake cha majani chai ataulizwa kama anaridhia mwanawe apewe virusi. Nchini mwetu neno hilo, kwa miaka zaidi ya thelathini, limemaanisha UKIMWI, kisha likaja kumaanisha korona. Akilisikia atambeba mwanawe aende zake. Akifichwa, basi hajaridhia lolote.

Nimewapa wanafunzi wangu wa bayolojia zoezi la kumwandikia mama huyo ukurasa mmoja, kwa Kiswahili au kwa Kipsigis. Wengi wao wameandika tu kwamba ni dawa mpya. Nimewarudishia madaftari.