Bwana Alan Turing na Mashine Iigayo Mashine

Jina la Bwana Alan Turing tumekwisha kulisikia katika vipindi vya kompyuta, lakini maisha yake wengi hatuyajui. Alizaliwa London tarehe 23 Juni, 1912. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali huko Bara Hindi, basi yeye na kaka yake waliachwa Uingereza walelewe na watu wengine. Mwaka 1926, alipotakiwa kuripoti bwenini Sherborne, wafanyakazi wa nchi nzima waligoma na treni hazikupatikana. Yule mtoto wa miaka 13 alipanda baiskeli yake akaenda maili 60. Sisi tunaopanda milima kuja Mwese twaijua maana ya safari kama ile.

Mwaka 1936, akiwa Cambridge, aliandika makala juu ya mashine ambayo hakuna aliyekuwa ameiunda, mashine ya mawazo tu. Siku zile kila mashine ilikuwa na kazi yake: ya kushona ilishona, ya kujumlisha ilijumlisha. Turing alionyesha kwamba yaweza kuwako mashine moja ya hesabu ambayo, ikipewa maelezo ya mashine nyingine kwa maandishi, itafanya kazi yote ya ile nyingine, hatua kwa hatua.

Msomaji asidhani hayo ni ya vitabuni tu. Chukua ofisi yenye mzani mzuri wa zamani, ambao programu yake haikubali kompyuta za leo. Je, mzani utupwe? La. Fundi huweka ndani ya kompyuta mpya kompyuta pepe, yaani kompyuta isiyo na mwili, inayoiga ile ya zamani. Programu ya kale hufanya kazi humo bila kujua kwamba imehamishwa. Taabu iko kwenye waya. Mzani una mwili, na umechomekwa katika kompyuta ya nje. Lazima ile ya nje iachilie tundu lake na kuikabidhi ile ya ndani, ama sivyo zitagombania chombo kimoja. Na kama tundu la zamani halipo, hutafutwa waya wa kugeuza.

Vita vilipoanza mwaka 1939, Turing aliitwa Bletchley Park kufumbua maandishi ya siri ya Wajerumani, yaliyofungwa kwa mashine iitwayo Enigma. Wapoland walikuwa wametangulia kuifumbua. Yeye alibuni mtambo ulioiga Enigma 36 kwa pamoja, ukijaribu funguo usiku na mchana, maana kuchelewa kulikuwa ni meli kuzama na watu wake. Hata Afrika ya Mashariki ilikuwa na sehemu yake: mwaka 1942 ofisi ya Waingereza ya kufumbua siri za Wajapani ilihamia Kilindini, ikakaa katika shule ya Allidina Visram, Mombasa.

Tena alikuwa mkimbiaji hodari. Mwaka 1947 alimaliza marathoni kwa saa 2 na dakika 46.

Mwaka 1952 alishtakiwa kwa uhusiano wake na mwanamume, akapewa dawa za homoni badala ya kifungo, akaondolewa katika kazi za siri. Alikufa kwa sumu tarehe 7 Juni, 1954, mwenye miaka 41. Wengi waliookolewa na kazi yake hawakujua, kwa kuwa ilikuwa bado siri. Malkia alimsamehe mwaka 2013, na noti ya pauni 50 yenye sura yake ilitolewa tarehe 23 Juni, 2021.