Henry Odera Oruka na Mantiki ya Wenye Hekima

Marehemu Profesa Henry Odera Oruka alizaliwa mwaka 1944 huko Ugenya, magharibi mwa Kenya. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, chini ya mwanafalsafa Ingemar Hedenius, akapata uzamili Detroit, Marekani, kisha uzamifu Uppsala mwaka 1970. Mwaka huohuo alianza kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako falsafa ilikuwa ingali idara moja na masomo ya dini.

Mwaka 1975 alimkabili Kwasi Wiredu wa Ghana, bingwa wa mantiki, aliyeshikilia kuwa ukweli ni maoni. Oruka aliona hatari: wawili wenye maoni yanayokinzana watakuwa wakweli wote, na kosa halitakuwa na maana. Wiredu alijibu kuwa maoni aliyoyakusudia ni yale yanayotokana na uchunguzi wa kiakili, wala si dhana za ovyo.

Hata hivyo, jina la Oruka lilienea kwa utafiti mwingine. Wataalamu wengi walidai kuwa Mwafrika wa jadi hufikiri kwa pamoja na jamii yake, na kwamba hana mawazo ya kuhakiki. Oruka alikwenda vijijini kuwahoji wazee. Aliwatenga wale wanaohifadhi mila na wale wanaoipima kwa hoja zao wenyewe. Paul Mbuya Akoko, kwa mfano, alihoji kuwa miungu ingekuwa mingi, maumbile yangevurugika. Kwa kuwa maumbile yana utaratibu mmoja, Mungu ni mmoja. Hoja hiyo ina misingi na hitimisho, ingawa haikutoka kitabuni. Aliyekulia Kebirigo, Nyamira, akasikiliza wazee wakiamua ugomvi wa mpaka wa shamba, hatashangaa.

Peter Bodunrin wa Nigeria alipinga: mzee akiongozwa na maswali ya msomi, falsafa inayozaliwa ni ya nani? Pingamizi hilo lilikuwa zito. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu falsafa ya wenye hekima, Oruka alichapisha mahojiano yenyewe pamoja na majina ya wazee, ili msomaji apime mwenyewe.

Mwaka 1991 aliandaa kongamano la falsafa la kimataifa jijini Nairobi. Desemba 1995 aligongwa na gari jijini humo, akafariki akiwa na umri wa miaka 51. Swali la Bodunrin lingali linamsubiri kila mtafiti wa fasihi simulizi anayemwendea mzee na kinasa sauti.