Allidina Visram: Alichukua misafara ya Sewa Haji, akaifikisha biashara Mengo

KAMPALA. Wafanyabiashara wanaotafuta kununua mashine ya kusaga mahindi au duka la vipuri katika eneo la Kisenyi, jijini Kampala, kwa kawaida huuliza mambo yale yale: mauzo ya siku ni kiasi gani, mwenye jengo anataka kilemba cha shilingi ngapi, leseni ya biashara imelipiwa au la, na madeni yapo upande gani. Swali ambalo wengi hulisahau ni kama wateja wanakuja kwa ajili ya duka au kwa ajili ya mwenye duka.

Swali hilo linaelezwa vizuri na maisha ya Allidina Visram, mfanyabiashara aliyefariki mwaka 1916 na ambaye jina lake lilijulikana kutoka Bagamoyo na Mombasa hadi Kampala.

Visram alizaliwa mwaka 1851 huko Kutch, India. Aliingia Zanzibar kwa jahazi mwaka 1863 akiwa kijana wa miaka 12, bila mtaji wowote. Akaajiriwa Bagamoyo na Sewa Haji Paroo, tajiri aliyekuwa akiandaa misafara ya kwenda bara. Misafara hiyo ilipeleka nguo za merikani, shanga na waya za shaba, na kurudi na pembe za ndovu. Baada ya miaka kadhaa Visram alianza biashara yake mwenyewe na kufungua matawi Dar es Salaam, Sadani, Tabora na Ujiji.

Mwaka 1897 Sewa Haji alifariki. Sehemu ya mali yake ilikwenda kwenye kazi za hisani, zikiwemo hospitali na shule. Visram ndiye aliyeichukua biashara ya misafara.

Hapa ndipo mnunuzi wa leo anapopaswa kusimama kidogo. Biashara ile haikuwa na kiwanda, na bidhaa zilizokuwa ghalani zingeisha kwa msafara mmoja. Thamani yake ilikuwa kwa watu: wapagazi wa Kinyamwezi waliojua njia, mawakala wa vituo vya bara, machifu waliozoea kupokea hongo ya njia kutoka kwa nyumba ile ile ya biashara, na matajiri wa pwani waliokubali kutoa mali kwa mkopo na kungoja miezi mingi. Mgeni angeweza kulipa fedha nyingi na bado asipate hata kimoja kati ya hivyo. Visram alikuwa amefanya kazi humo ndani, na alijulikana kwa pande zote.

Hata hivyo, alichukua biashara ambayo siku zake zilikuwa zinahesabika. Mwaka mmoja kabla, yaani 1896, Waingereza walikuwa wameanza kujenga reli ya Uganda kutoka Mombasa. Reli ilifika ziwani, mahali panapoitwa Kisumu, mwaka 1901. Mzigo uliobebwa kichwani kutoka Bagamoyo haungeweza kushindana na behewa. Mtu aliyepiga hesabu kwa faida ya miaka iliyopita pekee angesema ile ni mali nzuri, na baada ya miaka michache angebaki na kamba na mahema.

Visram hakuisubiri reli imkute. Alifungua maduka kuifuata njia yake kadiri ilivyosonga mbele, na mwishoni mwa miaka ya 1890 alikuwa tayari na duka Kampala. Wakati huo makao makuu ya Kabaka yalikuwa Mengo, na bonde la Kisenyi liko chini yake tu, kati ya Mengo na kilima cha Old Kampala. Kwa miaka mingi baadaye Kisenyi ilikuwa sehemu ya Kibuga, mji uliokuwa chini ya serikali ya Buganda, nje ya mipaka ya manispaa ya Wazungu na Wahindi. Wateja wa bondeni na maduka ya kilimani walitenganishwa na mstari wa ramani, lakini biashara ilivuka mstari huo kila siku.

Pembe za ndovu zilipopungua, aligeukia ngozi na mazao. Kilimo cha pamba kilipoanza Uganda miaka ya 1903 na 1904, alikuwa miongoni mwa wanunuzi wa mwanzo, na baadaye akawa na kiwanda cha kuchambua pamba. Alikuwa pia na mashamba, vyombo vya usafiri katika Ziwa Victoria, na viwanda vya kukamua mafuta. Mahali ambapo hapakuwa na benki, duka lake ndilo lililokuwa benki.

Aliwaleta vijana kutoka India, akawafundisha kazi ya duka, na wengi wao baadaye walipewa bidhaa kwa mkopo wakaanza maduka yao. Wenye maduka wengi wa Kiasia nchini Uganda walianzia kaunta yake. Kwa maneno mengine, alifundisha washindani wake mwenyewe, na inaelekea hilo halikumsumbua kwani walibaki kuwa wateja wake wa jumla.

Udhaifu ulionekana baada ya kifo chake. Mwaka 1916 aliugua homa katika safari ya kibiashara Kongo, akafariki. Mwanawe Abdulrasul akashika usukani, lakini kipindi kilikuwa kigumu. Kati ya 1920 na 1921 bei ya pamba ilianguka, na katika muda huo huo rupia iliondolewa, ikaja florini, kisha shilingi. Kampuni iliyokuwa imekopesha mali kwa maduka mengi yaliyotawanyika ilihitaji mtu anayejua kila mdaiwa kwa sura. Mtu huyo hakuwepo tena. Abdulrasul naye alifariki mwaka 1923, na baada ya hapo nyumba ile ya biashara ilisambaratika.

Majengo yalikuwepo, mashine zilikuwepo, vitabu vya hesabu vilikuwepo. Lakini mdaiwa wa kijijini alikuwa amemwahidi Allidina, na ahadi ile haikuandikwa kwa jina la kampuni. Katika Kisenyi ya leo, ambako unga hutolewa kwa mali kauli na mteja wa Sudan Kusini au Kongo hulipa akirudi, daftari la madeni ni mali au ni karatasi tu, kutegemea muuzaji atakubali kukaa dukani miezi michache na kumtambulisha mnunuzi kwa wateja.

Shule ya sekondari iliyojengwa Mombasa na familia kwa kumbukumbu yake, Allidina Visram High School, ilifunguliwa miaka ya mwanzo ya 1920 na bado inafundisha.